Nafasi ya Kushoto

Lammert huhesabu farasi, si magari.
Kidole chake kinapita juu ya masikio yao
kama cha mama anayehesabu vifaranga baada ya mwewe kupita.
Kumi na saba. Anarudia. Kumi na saba.
Mwaka jana walikuwa kumi na wanane, ila hasemi;
anaivuta kofia yake ya ukindu hadi kwenye nyusi:
"Haya, twende, Agosti haikai sana Drenthe."

Mimi nakaa nyuma ya gari la Hillechien.
Kazi yangu ni malango: kuruka chini, kufungua,
kungoja wote wapite, kufunga kondoo wasitoroke,
kisha kulikimbilia gari ndani ya vumbi.
Nina miaka hamsini na minne.
Goti langu la kulia lina maoni yake juu ya kazi hii.
Siliulizi.

Gari hili lilikuwa la farasi wawili,
mti mmoja katikati, Bauke kulia, Wibe kushoto,
weusi kama masizi, manyoya marefu yakifunika kwato,
miaka kumi na minne bega kwa bega:
huyu akipiga chafya, yule anatikisa kichwa.
Februari, usiku, tumbo la Wibe likajifunga.
Daktari alikuja na taa yake, akaondoka na taa yake.
Hillechien hakulia mbele yetu. Aliosha ndoo.
Alipomaliza, akaiosha tena.

Juni akamwita seremala:
ng'oa mti wa katikati, nitilie mikono miwili, ya farasi mmoja.
Una hakika? akaulizwa.
"Farasi wa zizini hula, hunenepa, huzeeka.
Mimi pia."

Basi leo tumo njiani.
Vichaka vimechanua zambarau mpaka macho yachoke,
nyuki wanafanya kazi bila kuinua kichwa.
Penye mchanga magurudumu yananyamaza,
penye matofali yanaanza tena umbea wao.
Mbele yetu Jantien, na farasi wake mfupi, mnene kama boga,
ambaye kila kichaka kwake ni hoteli.
Nyuma yetu Roelof mng'oa meno;
shaba za lijamu zake zinang'aa, unaweza kunyolea ndevu.
Mtoto juu ya baiskeli anauliza farasi wetu anakula nini.
"Tufaha," anasema Hillechien, "na siku nyingine kofia."

Lakini Bauke anakwenda kombo.
Njia ni pana, tupu, na yeye anaambaa kulia,
gurudumu linakanyaga majani ya ukingoni,
matawi ya msonobari yanamkwaruza Hillechien mkono,
yangu yamechukua kofia.
Anavuta kigwe cha kushoto: Bauke anarudi katikati.
Hatua ishirini, thelathini. Kulia tena.
"Hillechien!" Roelof anapaza sauti, "njia yote ni yako!"
Hakujibu.
Niliona mabega yake yanashuka, kidogo tu,
na kigwe kinalegea mkononi.
Hapo nami nikaelewa.
Anamwachia mwenzake nafasi.

Mchana tulikula chapati nene za mayai,
tukazungumza juu ya kwato, mvua, bei ya nyasi kavu.
Wakati wa kurudi Jantien, bila kuombwa,
akalisogeza boga lake kushoto kwetu, sambamba.
Nia njema. Bauke alilaza masikio,
akamng'ata sikio, na boga likatimua mbio
na Jantien, na kikapu, na chupa za maziwa.
Tulicheka mpaka Lammert akasimamisha msafara mzima.
Hillechien alicheka pia, akajifuta macho,
akaendelea kuyafuta.

Lango la mwisho lina mbawa mbili.
Kwa farasi mmoja, ubawa mmoja unatosha,
na goti langu lilikuwa limeshatoa hukumu.
Nilifungua wa kulia.
Nikavuka njia, nikachechemea,
nikafungua na wa kushoto.