Kadi ya Mbuzi

Alhamisi usiku, Al-Khudh, kiyoyozi kinakohoa,
Zahrani amemwaga mkekani kijiji kizima
alichokikata kwenye makatoni ya tende:
mfereji wa falaji, mitende kumi na minane,
na lango moja tu, la vijiti vya aiskrimu.

"Kila mtu ana sheria zake," anasema.
Babu Muhanna anachekea puani.
Yeye ni mtu wa bao, na bao lina adabu:
kete thelathini na mbili kwangu, thelathini na mbili kwako,
nyumba yangu ikiliwa, mlaji namjua kwa jina.
Sasa anaambiwa ni Wakili wa Maji,
apime zamu, azibe, azibue,
na asiulize wenzake wanatafuta nini.
"Hata mke wangu?"
"Hasa mkeo, babu."

Mimi nimeangukiwa na Ukame.
Kazi yenyewe inatia aibu kwa wepesi:
zamu ikinifikia naondoa kijiwe kimoja cha buluu,
nanyamaza.
Kerubo, muuguzi wa ghorofa ya chini,
aliyepanda kuazima ndimu tukamkalisha,
ni Mpita Njia. Anaisoma kadi yake mara mbili,
anatabasamu kidogo, anaikalia.

Bibi Thuwayba ni Mbuzi.
Tumecheka mpaka kahawa ikamwagika.

Basi babu akaanza vita.
Mbuzi akisogea kulia, jiwe kwenye mfereji.
Akisogea kushoto, jiwe jingine.
"Nakujua wewe! Macho yako yako kisimani."
"Haya," anasema bibi,
na kuupitisha mguu wake wa karatasi kando ya ua,
polepole, kama anayetafuta pini aliyoiangusha.
Raundi ya tano, ya saba, ya tisa.
Mimi naondoa buluu. Hakuna anayenitazama,
na hapo nikaelewa ukame huingiaje mjini.

Raundi ya kumi na moja Zahrani akasema: funueni.

Kerubo alikuwa ameshinda zamani.
Kadi yake ilimtaka atoke ubaoni
na mzigo uleule aliokuja nao, usizidi, usipungue,
naye alitoka raundi ya sita,
akaendelea kukaa, akitumiminia kahawa.
"Mbona hukusema?"
"Hamkuuliza," akasema. Mkataba wake una miezi saba imebaki.

Kisha kadi ya Mbuzi.
Babu akavaa miwani, akaisoma kwa sauti ya benki,
sauti aliyostaafu nayo:
*Hunywi maji. Hugombani na mtu.
Lango likikaa wazi raundi tatu mfululizo, umeshinda.*

Lango! Hakuwa ameligusa tangu mwanzo.
Pale hapakuwa na kitu cha kuibiwa.

"Hukuyataka maji?"
"Mie maji nikayafanyie nini?"
"Na mimi usiku kucha nimeziba, nimeziba..."
"Nimekuona," akasema bibi. "Umechoka, maskini."

Kiyoyozi kikakohoa. Nikakumbuka
mwaka ule bibi alipotaka kujifunza gari,
babu akamnunulia friji,
kubwa, ya milango miwili,
ikapandishwa ngazi na wanaume wanne,
nasi sote tukampongeza babu.
Bibi aliifungua, akatia mtungi wa maji,
akaifunga.

Sijui kama babu naye alikumbuka hilo.
Alilishika tu lile lango la vijiti,
akalifungua, akalifunga, akalifungua,
bawaba zake za uzi zikikaribia kukatika.

Kerubo akachukua ndimu zake, akaaga.
"Tucheze tena," akasema babu. "Safari hii mbuzi niwe mimi."
"Mbuzi ni mimi," akajibu bibi,
akiirudisha kadi kifuani.
"Wewe chukua Ukame. Upumzike."

Akapewa.
Zamu yake ikafika, akaokota kijiwe cha buluu,
akakaa nacho mkononi muda mrefu,
asijue pa kukiweka.