Nilihesabu Mlango

Mlango wa bweni lenu una bawaba kavu.
Mimi mpishi nalala chumba cha pili, ukuta wa mbao,
na usiku sina kazi ila kusikia.
Saa tano, kriii.
Saa saba, kriii.
Saa tisa, kriii, kisha buti juu ya barafu,
kisha kimya kirefu cha mtu anayengoja
kitu ambacho zamani kilikuja bila kubembelezwa.
Saa kumi na moja nawasha jiko, huyo tena,
Eruera, kajitanda blanketi:
"Chai yako, Noeline. Chai ndiyo inaniamsha."

Chai!
Nimepikia wakata sufu chai miaka ishirini na sita,
haijamwamsha mtu mara nne.

Juzi alikuja kijana na mashine ya altrasaundi,
akapima kondoo elfu mbili kabla ya chakula cha mchana:
huyu mmoja, huyu pacha, huyu mtupu,
rangi ya buluu mgongoni, pita.
Nanyi mmeegemea geti la zizi
mkimsifu mwenye shamba, mtu makini huyu.
Meno ya mashine mnayanoa kutwa mara tatu.
Gari mnalibadilisha oili kabla halijakohoa.
Mwili tu ndio mmeuambia usubiri.

Murdoch wangu alisubiri.
Ni mgongo, alisema, mkata sufu gani hana mgongo?
Nikamsugua dawa ya farasi misimu miwili.
Kumbe nasugua mlango, na mwizi yumo ndani.
Tulipofika hospitali ya Invercargill
saratani ilikwisha hama tezi dume, imehamia mifupani.
Daktari hakutugombeza.
Ningeshukuru angetugombeza.

Basi Alhamisi ile ya mvua, kondoo wamelowa, kazi hakuna,
nikafunga oveni, ufunguo nikautia kifuani.
Asiyepanda gari, nikasema, leo hali nyama.
Walipanda wanne.
Lamont alikuja kwa ajili ya bia za mjini tu,
Lamont alalaye kama robota la sufu,
ambaye ule mlango haumjui.

Njia nzima hadi Gore, mzaha mmoja:
kidole, kidole, kidole cha daktari!
Wanaume ambao tangu utoto
wanasafisha matako ya kondoo kwa mikono yao
wakaona haya.
Muuguzi Marivic akawaacha wachoke kucheka.
Leo ni damu tu, akasema, kijiko kimoja.
Likitokea la kuuliza, tutaulizana.

Majibu yakaja.
Eruera: tezi imenenepa kwa umri, wakaipima tena,
si saratani. Vidonge, na usingizi.
Lamont: namba iko juu.
Wakarudia. Juu.
Wakapiga picha, wakachomoa vinyama vidogo kama punje.
Ipo.
Changa, haijatoka kwenye ganda lake.

Nilihesabu mlango, jamani,
nikamhesabu mtu siye.
Ugonjwa ulikuwa kitanda cha pili, umelala fofofo,
haukukanyaga barafu, haukusingizia chai.

Sitawadanganya kuwa ilikuwa rahisi.
Baada ya upasuaji Lamont alivaa pedi miezi mingi,
akanuna, akamtukana mbwa wake,
usiku mmoja akalia jikoni kwangu, nami nikamenya viazi
ambavyo havikuhitajika.
Lakini leo yuko mezani anachambua sufu,
anapiga mluzi vibaya kama zamani.

Eruera ameitia bawaba oili.
Sasa usiku sisikii kitu,
na kimya hicho ndicho kinachonitisha.
Kwa hiyo naandika haya, nayabandika juu ya birika:
mwenye miaka hamsini,
au mapema zaidi kama baba au kaka aliugua,
gari linaondoka Alhamisi,
mvua inyeshe, isinyeshe.
Mguu wa kondoo umo ovenini.
Ufunguo mnajua uliko.