Kilo Mia Mbili na Themanini

Mizani ya ghala la Surkhet ni ya chuma,
zamani ilipima viazi.
Rubani kasema: mia mbili na themanini,
ikizidi hata moja, helikopta haivuki mgongo wa mlima.

Mto umekula barabara ya Jajarkot.
Huko juu vijiji vitatu vinahara.
Nami, Bhimkala Rokaya, mtunza ghala,
mwenye funguo na kalamu na goti bovu,
ndiye niliyeachiwa kuamua
ipi ni dawa na upi ni mzigo.

Dripu kwanza, mkono ukaniambia.
Lakini dripu ni maji, na maji ni mazito:
mfuko mmoja, kilo moja.
Kwa uzito uleule, pakiti karibu hamsini za chumvi na sukari.
Basi hesabu nyepesi, nikajisemea.
Haikuwa nyepesi. Yule asiyeweza tena kumeza
hahesabiki kwa pakiti.
Nikaweka dripu sitini. Nikatoa kumi. Nikarudisha nne.

Zinki, ndiyo. Doksisaiklini, ndiyo.
Sindano ya kuzuia damu ya wazazi, ndiyo:
kipindupindu hakiahirishi uchungu.
Makasha manane ya vitamini, msaada wa mbali,
yana picha ya machungwa, yanang'aa kama zawadi za harusi.
Yabaki.

Insulini. Kichupa hakijai kiganja,
ila boksi lake la barafu lina kilo tatu,
na bonde zima anayeihitaji ni mmoja,
binti wa Manbir Oli, darasa la sita.
Kilo tatu ni pakiti mia moja na arobaini na kitu.
Msiniulize nilivyopima.
Ilipanda.

Kisha simu ikashika, dakika mbili.
Dilsari, muuguzi wa kule juu, sauti imekwaruzwa na upepo:
"Dada, vijiko. Mafuriko yamezoa majiko na vyombo.
Ukimpa mtoto kikombe, anatapika chote.
Kwa kijiko, kidogo kidogo, kinakaa."
Ikakata.

Kijiko hakimo katika orodha ya taifa.
Naijua orodha ile kama majina ya wanangu.
Nikatoka na gunia mvuani
kwa wauza chai wa stendi, kibanda hadi kibanda.
Tularam alinimwagia vyake vyote,
akaanza kukoroga chai ya wateja kwa penseli.

Mia mbili na kumi. Kilo mbili na robo.
Nikashusha dripu tatu kuvipisha.
Hao watatu ni akina nani, sikujua.
Hadi leo nalala upande mmoja.

Mkaguzi amekuja na miwani yake,
amelifungua daftari, kidole kimesimama.
"Kijiko," anasoma. "Hii dawa ya nini?
Na mbona hukuandika kipimo?"

Kimoja kila dakika, nikamwambia.
Usiku kucha.