Mirathi

Nyumba ya Kuze aliigawa kadhi:
mafungu mawili kaka Athmani, moja moja sisi wasichana.
Ugonjwa wa baba haukupita kortini.
Ulinipa mimi sawa na Athmani,
Mwanakheri ukamruka, hivi hivi.

Daktari alituonyesha picha:
figo zangu topetope mbili,
nundu juu ya nundu, maji matupu.

Mwanakheri akatoa yake ya kushoto.
"Hamia," alinambia. "Kodi sitaki.
Ila usinichafulie."

Mwaka wa pili sasa.
Vidonge saa mbili asubuhi, saa mbili usiku,
ndio mlinzi, mwili usibomoe nyumba ya watu;
na mlinzi yuyo huyo
kaifungulia sukari mlango wa uani.
Uso umenivimba. Nguo za Idi hazinifungi.

Juzi, harusini Kibokoni, sinia la halwa lilipita,
bado lafuka moshi, samli yang'ara pembeni.
Mkono wangu ulikwenda wenyewe.
Ng'ambo ya jamvi dada alikuwa akinitazama,
kimya, kashika ubavu
pale palipo na kovu.
Nikachukua kahawa. Chungu.

Athmani angali kwenye mashine, Jumatatu na Alhamisi.
Hamwombi Mwanakheri kitu.
Mtu hagawi ya mwisho.

Alfajiri najidunga kidole,
simu yalia kabla sijafuta damu.
"Mpangaji, kwema?"
"Saba nukta mbili."
"Haya. Fagia tena."