Mtu Anayekula Mkate Mwezini

Rudisha nyuma, Ksawery. Hapo. Simamisha.
Umeiona chai ya nahodha?
Akisema "tumepotea", glasi imejaa.
Mlango ukifunguka, iko nusu.
Akigeuka, imejaa tena,
na kinywani hajatia hata tone.
Njia ya mwongo ni fupi, ya mhariri ni fupi zaidi:
anakata anapopenda, chai inajijaza yenyewe.

Mimi niliandika. Daftari la saba, ukurasa wa arobaini:
glasi, vidole viwili chini ya ukingo.
Ndiyo iliyokuwa kazi yangu, hapa hapa Łódź,
miaka kumi na tisa kwenye kiti cha kukunja,
saa ya sekunde shingoni, penseli sikioni:
kifungo kipi kimefungwa, nywele zimelalia wapi,
sigara imebaki urefu wa kidole kipi.
Waigizaji waliniita Mtoza Ushuru.

Ya sayansi hayakuwa yangu.
Hayo alikuwa nayo Dokta Hieronim wa chuo kikuu,
aliyekuja kwa tramu na soksi zisizofanana
(niliziandika pia).
Alisema: huko juu hakuna hewa, mlipuko hauna sauti.
Mwongozaji akamjibu: watu wamelipia tiketi, Dokta, na wana masikio.
Alisema: bendera haiwezi kupepea.
Wakaleta feni kubwa zaidi.
Alisema: vumbi la kule halielei kama moshi,
linapanda, linarudi chini kama changarawe.
Na vumbi lenyewe lilikuwa saruji na unga wa viazi,
mwezi mzima tuliupepeta kwa chekecheke
mwaka ambao unga ulipangiwa foleni.
Siku ya mwisho hakubishana.
Alikaa kando yangu, akanong'ona:
"Angalau nyota. Kwa jua kali namna ile
kamera isingeziona."
Zilikuwa mia mbili na kumi na moja. Balbu.
Kwenye tukio la tisa, moja imeungua.

Sasa endelea. Polepole.
Mwanaanga anapanda kilima. Kofia inatugeukia.
Ndiyo, hapo kwenye kioo cha uso wake,
ndicho ulichoniitia, najua,
umeshakizungushia duara jekundu:
mtu amesimama mwezini bila kofia, bila hewa,
sweta limetoboka kiwiko,
anakula mkate.

Anaitwa Zenon. Fundi wa taa.
Mkate ni wangu, niliupaka mafuta ya nguruwe na kitunguu.
Alikuwa hajala tangu alfajiri.
Nikamwambia: kula upesi, hawakuoni.

Tafuta daftari la saba. Tafuta na la nane.
Humo mna kila kitu, hata soksi.
Hilo hutalikuta.
Kosa moja haliachi mke, husemwa.
Sikuwa mke wake. Nilikuwa mwenye daftari.
Februari, kabla filamu haijatoka,
ngazi ya taa iliteleza.

Kwa hiyo tuliza bendera ukitaka,
zima nyota zote, sawazisha chai,
na mashine yako inajua kufuta, nimeona.
Huyo mwache amalize.

Unasema nini? Ameushika kwa mkono wa kushoto,
na kwenye picha ya ukutani anashika nyundo kwa kulia?
Una jicho, kijana.
Lakini hapo hukupata kitu. Kioo hugeuza.
Katika filamu nzima,
hiyo ndiyo sayansi pekee tuliyoipatia.