Daftari la Vipimo

Daktari Onzima alisema Tana.
Mimi nikasikia tana la ndizi,
lile la matoke linaloshushwa sokoni Arua
kidole kimoja kikiwa kimeng'oka njiani.
Hujakosea sana, akasema.

Niandikie, nikamwambia. Mimi fundi cherehani,
neno lisiloandikwa hunipotezea kitambaa.

Akaandika nyuma ya karatasi ya dawa:
Kromosomu. X moja mahali pa mbili.
Lakini X naijua! Ni alama yangu ya chaki,
hapa kata, hapa usikate.

Aota. Mshipa mkuu utokao moyoni.
Wangu umebanwa kama mkono wa blauzi
uliopunguzwa na mwanagenzi.
Ndiyo maana alipima presha mkononi, kisha mguuni,
akanyamaza, akapima tena.

Figo, zimeungana chini, umbo la kiatu cha farasi.
Farasi? Arua hii?
Tukacheka hadi nesi akachungulia mlangoni.

Thiroidi, ya kupimwa kila mwaka.
Sikio la kushoto, ambalo mama aliliita ukaidi.
Ngozi ya shingo iliyotanda kuelekea mabegani,
niliyoifunika kwa kola
tangu siku nilipojua kushona kola.

Halafu ovari.
Hapo kalamu ilikwenda polepole.
Sikumuuliza. Niliwahi kumshonea dada yangu Ezaru
nepi dazeni mbili,
moja nikaibakiza sandukuni.

Homoni zingeanza mapema, alisema,
ungeongezeka sentimita kadhaa.
Mapema nilikuwa Vurra nachunga mbuzi,
naitwa Kifupi, naitika.

Jioni nikafungua daftari la wateja.
Bibi harusi Candiru: kifua, kiuno, urefu.
Chini yake nikaandika: Letaru.
Urefu, mita moja na sentimita thelathini na tisa.
Shingo, pana. Aota, nyembamba. X, moja.
Miaka yote hii sikuwahi kujipima,
nilijikatia kwa kukisia
juu ya karatasi za sare za watoto wa shule.

Keshokutwa ni picha ya moyo.
Usiku huu nimejikatia gauni, shingo wazi,
na kwenye pindo nimeacha kitambaa cha akiba,
upana wa vidole viwili,
kama ninavyomwachia mteja
ambaye bado anakua.