Mwaka wa Chavua Nyingi

Eufrasio anarudi shambani na kidole cha njano.
Amekipitisha juu ya kioo cha gari, ananionyesha
kama mtu aliyeokota hereni:
"Tíscar, tazama. Mwaka huu imemwaga!"

Mwenye macho haambiwi tazama,
ila yangu yamevimba tangu Mei ianze.
Nayaosha kwa maji ya chumvi
na bado yanawasha kama niliyafikicha kwa pilipili.

Huku Jaén tumezungukwa. Panda darini
uone mizeituni, safu kwa safu, kilima kwa kilima,
shuka lililodariziwa na mtu asiyepata usingizi.
Ndiyo iliyomsomesha Eufrasio.
Ndiyo tuliyoiwekea nyumba rehani.
Ndiyo inayonifunga kifua.

Chavua ikiwa nyingi, maua yatashika;
yakishika, kuna zeituni; kuna zeituni, kuna mafuta;
mafuta yana bei, bei inalipa benki.
Anahesabu hivyo akivua viatu mlangoni.
Vumbi lilelile: yeye analisoma kama hundi,
mimi nalisoma kwa mapafu.

Miezi saba sasa. Mtoto amepanda juu,
amekalia mahali nilipokuwa nikiweka pumzi.

Mama mkwe alininong'oneza akimenya vitunguu saumu:
"Dawa unayoivuta, naye anaivuta."
Nikaificha pampu ndani ya kopo la dengu.
Wiki mbili nililala nimeketi, mito mitatu mgongoni,
nikisikiliza filimbi kifuani,
na barua ya benki chini ya bakuli la matunda,
haijafunguliwa,
ikisikiliza nayo.

Kliniki, mkunga Olalla akanipa mrija nipulize.
Mshale ukapanda kidogo, ukakata tamaa.
"Una wasiwasi wowote nyumbani?"
Nikacheka. Kicheko kikawa kikohozi,
kikohozi kikawa kilio,
na sikuweza tena kumwambia kipi kilitangulia:
pumu iliyoita hofu, au hofu iliyoita pumu.

"Hata mimi sijui," akasema, akinishika kiganja.
"Hili moja nalijua: hewa isiyokufikia wewe
haimfikii yeye. Vuta dawa yako, binti."

Pampu ilitoka koponi inanuka dengu.

Sasa Eufrasio analowanisha shuka jioni,
anazitundika madirishani ili vumbi linase humo.
Shati analivua nje. Anaoga kabla hajanigusa,
anasugua hadi nyuma ya masikio,
kama mtoto anayeogopa kukaguliwa.

Jana usiku wa manane, mvua.
Kwanza matone machache, ya kujaribu bati la zizi,
kisha mvua yenyewe.
Mvua ya wakati wa maua huangusha maua;
huku hata watoto wa chekechea wanalijua hilo.
Niliisikia ikiosha majani, paa, kioo cha gari.
Kifua kikafunguka upana wa kidole,
kisha viwili. Mtoto akajigeuza.

Eufrasio alikuwa macho.
Nilimjua kwa jinsi alivyolala wima kama ubao,
akihesabu kinyumenyume:
benki, bei, mafuta, zeituni, ua.

Nikavuta pumzi ndefu, ya kwanza tangu Aprili,
nikaishusha polepole, polepole mno,
asije akasikia ilivyokuwa tamu.